Milingi ya Mtumba Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu mwenye karakana ndogo uani, au anayetaka kuianzisha, ambaye ameona mashine ya milingi ya mtumba inauzwa na anajiuliza kama aichukue. Tunazungumzia milingi ya mkono, ile unayoisogeza mwenyewe kwa magurudumu ya mkono, si ya kompyuta.

Nina lethi tayari. Milingi itaniongezea nini?

Kwenye lethi kazi (kipande unachochonga) inazunguka na kisu kimetulia, hivyo kila utakachotoa ni cha mviringo. Kwenye milingi kisu ndicho kinachozunguka, na kazi imefungwa mezani ikisogea kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Hapo ndipo unapopata sehemu bapa, pembe mraba, mifereji na matundu yaliyopangwa kwa kipimo.

Kwa karakana zetu hiyo ina maana ya mifereji ya kii (kipande kinachofunga gia au puli kwenye shafti) kwenye shafti za mashine za kusaga na kukoboa, gia zilizokatika meno, flanji, kusawazisha silinda hedi ndogo za pikipiki na kutengeneza vipuri ambavyo duka haliagizi tena. Anayeishi kwa kuchonga spea anajua kazi ngapi amezirudisha kwa sababu lethi peke yake haikuweza.

Si naweza kufunga endimili (kisu cha milingi) kwenye drili ya kusimama na jiliwa (kibanio cha kazi) ya kusogea pande mbili?

Hapana. Beringi za drili zimetengenezwa kubeba msukumo wa kushuka, si wa ubavuni. Chaki yake, yaani kishikio cha kisu, imeshikiliwa na koni tupu bila bolti ya kuivuta kwa juu. Ukikata kwa ubavu, mtikisiko unailegeza na inadondoka ikiwa bado inazunguka.

Ni aina zipi ninazoweza kukutana nazo?

Maarufu kuliko zote ni Bridgeport, milingi ya wima yenye kichwa kinachogeuka na goti (sehemu inayobeba meza) linalopanda na kushuka. Ilianza kuuzwa mwaka 1938 katika mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, Marekani, na baadaye ikatengenezwa pia Leicester, Uingereza. Umbo lake limenakiliwa mno, hasa Taiwan, kiasi kwamba vipuri vingi vya Bridgeport halisi na vya nakala vinaingiliana. Ni faida kubwa kwa mnunuzi wa mtumba.

Zipo pia za Ulaya: Deckel FP1 ya Munich, ndogo na yenye usahihi wa hali ya juu, na TOS za Czech, nzito na ngumu kufa. Za India, kama HMT, huonekana kwenye vyuo na viwanda vya zamani, nyingi zikiwa za mlalo, yaani kisu kinakaa kwenye shafti iliyolala. Ya mlalo huwa ya bei rahisi kwa sababu wengi hawaitaki, lakini kwa kukata gia na mifereji mirefu ni mashine ya kazi hasa. Ikija na kichwa cha wima cha kufunga kwa mbele, usisite.

Deckel ni nzuri sana, ila ukipoteza kifaa kimoja chake utalia. Kwa mashine ya kwanza nyumbani, mimi ningechukua Bridgeport au nakala yake iliyo hai kuliko jina kubwa lisilo na koleti (vibanio vya kushikia visu).

Hizi ndogo mpya za Kichina za kuweka juu ya meza je?

Kama kazi zako ni shaba, alumini na vipande vya chuma vidogo, inatosha, na watu wawili wanaibeba. Kwenye chuma cha kawaida utakata kidogo kidogo huku mashine yote ikitetemeka. Uzito katika milingi ndio unaomeza mtetemeko, na uzito haununuliwi baadaye.

Zinapatikana wapi?

Njia ya kwanza ni mafundi wenyewe: Gerezani jijini Dar es Salaam, Kariobangi Light Industries jijini Nairobi, na maeneo mengine ya karakana. Uliza mafundi wa lethi. Wanajua nani anafunga, nani anahama na mashine ipi ilisimama kwa kukosa mota. Njia ya pili ni minada ya viwanda, vyuo na mashirika yanayouza mali chakavu. Mashine ya chuo mara nyingi ina saa chache za kazi lakini imechokozwa na wanafunzi, kwa hiyo angalia meza yake kwa makini.

Njia ya tatu ni kuagiza nje. Hapo umuone wakala wa forodha kabla ya kulipa chochote, si baada. Tanzania na Kenya zote zina utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa, kupitia mashirika yao ya viwango, TBS na KEBS, na mashine iliyofika bila cheti inaweza kukugharimu bandarini kuliko ulivyoinunulia. Hata mbao za kufungia mzigo ziwe na mhuri wa ISPM 15, unaoonyesha zimetibiwa dhidi ya wadudu.

Nikague nini kabla ya kutoa pesa?

Nenda na geji ya saa (ya kusomea tofauti ndogo ndogo za kipimo) yenye shina la sumaku, tochi, kitambaa na muda. Muuzaji akikuharakisha, rudi nyumbani. Na rangi mpya isikupumbaze. Mashine iliyopakwa rangi juzi inahitaji kuchunguzwa mara mbili, hasa ikipakwa hadi kwenye sehemu zinazoteleza.

Anza na meza. Pitisha kitambaa juu yake yote ukitafuta mashimo ya drili na alama za visu. Mashimo mawili matatu si msiba, lakini yanakuambia mwenyewe wa zamani alikuwa mtu wa namna gani.

Kisha njia za kuteleza, kwa sababu hapa ndipo mashine inapochakaa na ndipo matengenezo ni ghali kuliko yote. Mashine bora hutoka kiwandani ikiwa na alama ndogo ndogo za kukwangua kwa mkono, ambazo hushika mafuta. Zikionekana bado katikati ya safari ya meza, umekutana na bahati. Zikiwepo mwishoni tu huku katikati pamekuwa kioo, mashine imefanya kazi nyingi.

Jaribio lake ni hili: weka meza katikati, kaza kabari ya pembeni inayobana njia mpaka meza isogee kwa uzito kidogo, kisha izungushe kuelekea mwisho mmoja. Ikianza kukaza sana au kugoma, katikati pamelika kuliko pembeni. Kukaza kidogo kunakubalika. Ikigoma kabisa kabla ya kufika mwisho, hiyo ni kazi ya kusaga njia upya, na bei ishuke kwa kiasi hicho au uiache.

Mchezo (ulegevu) wa skurubu zinazosogeza meza usikutishe sana. Zungusha gurudumu upande mmoja, kisha rudisha, uone linazunguka kiasi gani kabla meza haijasogea. Robo milimita kwenye mashine ya zamani ni kawaida, na unaweza kufanya kazi safi ukizoea kufikia kipimo ukitokea upande mmoja siku zote. Nati za shaba za skurubu hizo zinabadilishwa, au hata kuchongwa kwenye lethi yako.

Spindo, shafti inayozungusha kisu, ndiyo roho ya mashine. Ingiza kidole na tochi ndani ya koni yake: kusiwe na mikwaruzo ya kina wala alama ya koleti iliyozunguka ndani. Weka ncha ya geji kwenye ukuta wa koni, zungusha kwa mkono. Mpepeso usizidi 0.01 mm au 0.02 mm. Shusha kwili (bomba la spindo linaloshuka na kupanda) nusu ya safari yake, ishike uitikise huku geji ikiiangalia. Kisha washa, upitie kasi zote, ukianza ya chini. Sauti ya kunguruma inayopanda na kasi ni beringi. Sauti ya kugonga kwa mpigo inaweza kuwa mkanda uliolala muda mrefu tu. Iache izunguke dakika ishirini na ugusie sehemu ya beringi: uvuguvugu sawa, moto wa kuondoa mkono hapana.

Kama mashine haiwezi kuwashwa kwa sababu "umeme haupo hapa", inunue kwa bei ya mashine mbovu.

Kwa nini wote wananiuliza koni ya spindo ni ipi?

Kwa sababu koni ndiyo inayoamua utanunua vifaa gani maisha yako yote. Bridgeport nyingi na nakala zake zina R8, inayopatikana kirahisi na kwa bei nafuu. ISO 30 na ISO 40 nazo hazina shida. Morse namba 3 na 4 zinavumilika. Ukikuta koni ya kiwanda kimoja tu, hesabu bei ya seti ya koleti kabla hujakubaliana bei ya mashine.

Angalia pia bolti ndefu inayovuta koleti kwa juu. Ya R8 kwa kawaida ina nyuzi za inchi, 7/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi. Kuna mtu hulazimisha bolti ya milimita na kuharibu koleti zote.

Nitenge bajeti vipi?

Igawe mara mbili. Nusu ya mashine, nusu ya usafiri, umeme, jiliwa, koleti na visu. Ndiyo maana mashine ghali kidogo inayokuja na jiliwa, kichwa cha kugawanya (kinachogawa mzunguko sehemu sawa) na sanduku la visu huishia kuwa rahisi kuliko ile tupu.

Kwangu kuna umeme wa fezi moja tu. Itafanya kazi?

Itafanya, na hili ndilo linalokatisha watu tamaa bure. Bridgeport ya kawaida ina mota ya karibu 1.5 kW ya fezi tatu. Unanunua inveta ya kuendesha mota, inayopokea 230 V ya fezi moja na kutoa fezi tatu. Lakini sikiliza: inveta hiyo inatoa 230 V kati ya fezi na fezi, si 400 V. Kwa hiyo soma kibati cha mota. Kikiandikwa 230/400, fundi umeme atahamisha vibati vya ndani ya kisanduku cha mota kutoka stari kwenda delta (namna mbili za kuunganisha nyaya za mota) na kazi imekwisha. Kikiandikwa 400 au 415 peke yake na nyaya zinazotoka ni tatu tu, fundi wa kusuka mota itabidi aifungue atoe nyaya sita. Inawezekana, na inafanyika kila siku, ila iingie kwenye hesabu.

Inveta iunganishwe moja kwa moja na mota. Usiweke swichi ya zamani ya mashine katikati yao, maana kukata mzigo wakati inveta inafanya kazi kunaweza kuiua. Swichi ya kuwasha, kuzima na kurudisha nyuma inaunganishwa kwenye njia za amri za inveta. Waya wa ardhi ni lazima, na laini yake itoke kwenye ubao wa breka, si kwenye soketi ya friji.

Inveta inakupa pia kubadili kasi kwa kitufe. Usiitegemee kwa kasi ya chini kabisa. Mota inapoteza nguvu na feni yake haipoozi. Hapo tumia mkanda au gia ya nyuma. Na gia ya nyuma ibadilishwe mashine ikiwa imesimama. Zile Bridgeport zenye gurudumu la kasi kwa mbele ni kinyume: hizo kasi inabadilishwa zikiwa zinazunguka.

Mashine ya Marekani iliyosukwa kwa 60 Hz ukiiendesha kwenye 50 Hz zetu itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita hivi. Kwa chuma hutaona tofauti.

Nitaifikishaje nyumbani?

Bridgeport ina uzito wa karibu kilo 900 na mzito wake uko juu. Inapinduka kabla hujashangaa. Kabla ya kuigusa, shusha goti mpaka chini, rudisha mkono wa juu nyuma, geuza kichwa juu chini ili mota yake iwe chini na ufunge bolti zote. Mikanda ya kunyanyulia ipite chini ya mkono wa juu, karibu na nguzo. Kamwe usinyanyue kwa meza wala kwa kichwa.

Bredauni yenye winchi inatosha kuipakia na kuishusha. Ndani ya ua, inaingia kwa mabomba: vipande vinne vitano vya bomba nene la inchi moja chini ya kitako, watu wanne, nondo mbili za kusukumia, na mtu mmoja tu wa kutoa amri. Mlango ukiwa mfupi, kichwa kinatolewa. Hakuna anayeingiza mguu au mkono chini, hata kwa sekunde, hata kwa kutania.

Pima urefu wa dari kabla. Mashine nzima inafika mita mbili na zaidi, na juu yake unahitaji nafasi ya kuingiza spana ya bolti ya koleti. Sakafu ya zege ya sentimita 10 hadi 15 inatosha. Udongo uliopigwa saruji nyembamba hautoshi. Ukiwa mpangaji, zungumza na mwenye nyumba mapema.

Ninunue vifaa gani vya kuanzia?

Jiliwa nzuri ya milingi kwanza, yenye upana wa 125 au 150 mm, kwa sababu jiliwa inayonyanyua kazi unapokaza itaharibu kila kitu kinachofuata. Koleti za R8, au kishikio cha ER32 kinachoshika visu mpaka 20 mm. Seti ya bano za meza. Geji ya saa. Endimili za haispidi, yaani chuma maalum cha visu, za 6, 10, 12 na 16 mm. Kabaidi ni kali na inadumu, lakini haipendi mchezo na mtetemeko wa mashine ya zamani. Inavunjika vipande wakati haispidi ingepinda kidogo na kuendelea.

Kabla ya kukata mara ya kwanza nifanye nini?

Weka kichwa wima kwa meza. Funga geji kwenye spindo kwa mkono wenye nusu kipenyo cha milimita 100 hivi, gusa meza upande wa kulia, zungusha nusu duara mpaka kushoto, soma. Rekebisha kichwa mpaka tofauti ibaki 0.02 mm au chini yake, kisha mbele na nyuma vivyo hivyo. Baada ya hapo hakikisha taya ya jiliwa iliyotulia inaenda sambamba na safari ya meza. Usipofanya haya, kazi zako zitakuwa na ngazi ndogo ndogo na utalaumu kisu.

Kasi gani, na nilishe upande gani?

Kwa haispidi kwenye chuma laini chukua mita 25 kwa dakika. Zidisha kwa 1000, gawa kwa 3.14 mara kipenyo cha kisu. Kisu cha 10 mm kinatoka karibu mizunguko 800 kwa dakika, cha 20 mm 400, cha 6 mm 1300. Alumini zidisha mara tatu, na mafuta ya taa kidogo hapo husaidia. Chuma cha kutupwa punguza, na kikatwe kikavu.

Lisha kazi ielekee dhidi ya mzunguko wa meno. Ukiilisha kwa kufuata mzunguko, kisu kinaikamata meza na kuivuta kwa kiasi chote cha mchezo uliopo kwenye skurubu, na kisu kinavunjika au kazi inachomoka. Kufuata mzunguko kunatoa uso laini, lakini kuache kwa mkwanguo wa mwisho mwembamba, breki ya meza ikiwa imekazwa kidogo.

Mteja ameleta gia iliyokatika. Nianzie wapi?

Hesabu meno, pima kipenyo cha nje. Gawa kipenyo kwa idadi ya meno ukijumlisha mawili. Gia ya meno 24 yenye kipenyo cha 52 mm: 52 gawa 26 ni 2, basi ni moduli (kipimo cha ukubwa wa jino) 2. Ukipata namba kama 2.54 au 3.175, gia ni ya vipimo vya Kiingereza na kisu cha moduli hakitaifaa. Hapo fundi wengi hudanganyika, kwa sababu 2.54 iliyolika inasomeka 2.5.

Kichwa cha kugawanya cha kawaida kina uwiano wa 40 kwa 1. Gawa 40 kwa 24: mzunguko mmoja na theluthi mbili, yaani mzunguko mmoja na nafasi 10 kwenye duara la matundu 15. Kisu ni namba 4 ya seti ya moduli, ambayo ni ya meno 21 hadi 25. Kina cha jino ni 2.25 mara moduli, hapa 4.5 mm. Kata jaribio la mikwaruzo myepesi kuzunguka gia nzima kwanza. Ikifunga sawasawa, ndipo ushuke. Chuma kilichonunuliwa kwa pesa hakitupwi kwa uvivu wa dakika tano.

Kwa mfereji wa kii, shafti ya zaidi ya 22 mpaka 30 mm inachukua kii ya 8 kwa 7, na kina kwenye shafti ni 4 mm. Hiyo ukiikariri, nusu ya kazi za mashine za kusaga umezimaliza.

Magurudumu yana vipimo vya inchi. Ni tatizo?

Ni usumbufu. Bridgeport ya inchi husogea 0.200 ya inchi kwa mzunguko, sawa na 5.08 mm. Skrini ya kusomea vipimo yenye skeli za kioo inaondoa shida hiyo, na kwa sehemu kubwa inakusahaulisha mchezo wa skurubu, kwa kuwa inasoma meza yenyewe ilipo. Kama kuna nyongeza moja ya kuweka akiba, ni hii.

Naishi pwani. Kutu?

Mombasa, Tanga, Dar, Unguja, chumvi ya hewani haina huruma. Paka mafuta meza kila unapomaliza kazi, na usifunike kwa nailoni. Inafungia unyevu ndani. Tumia shuka la pamba. Njia za kuteleza zinataka mafuta mazito ya ISO 68; yale maalum ya njia yakikosekana, haidroliki 68 inapatikana karibu kila penye vilainishi. Pampu ya mafuta ikiwepo, vuta na uangalie kila njia kama inalowa kweli. Vijibomba vyake huziba, na mashine nyingi za mtumba zimelika kwa sababu hiyo tu.

Usalama?

Usivae glavu kisu kikizunguka. Wala mikono mirefu, mnyororo, saa, au kanga begani. Miwani ya kukinga macho kila mara. Chenga za chuma zinafagiliwa kwa brashi mashine ikiwa imesimama, hazipigwi kwa upepo wala kushikwa kwa mkono. Spana ya bolti ya koleti isibaki juu hata mara moja. Na kwa kuwa ni nyumbani, swichi kuu iwe na kufuli. Watoto wanapenda vitu vyenye magurudumu.

Sijawahi kuigusa. Naweza kujifunza mwenyewe?

Misingi, ndiyo, ukianza na alumini na mikato myepesi. Lakini wiki chache kwenye kozi fupi za VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi Tanzania) au kwa fundi anayekubali ukae pembeni yake zitakuokolea visu vingi.

Niibadilishe iwe ya kompyuta?

Si ya kwanza. Skurubu za kawaida zina mchezo ambao mota haiwezi kuukadiria kama mkono wako. Itabidi ununue skurubu za gololi, mota, vifaa vya umeme vya kuziendesha na muda wa kutosha. Itumie kwanza kama ilivyo mwaka mzima.